Gurudumu la Meno Mia Moja Ishirini na Saba

Msinicheke, wanangu. Wazee wenzangu wakikaa na nyinyi huwasimulia ng'ombe waliowapenda na wasichana waliowakataa. Mimi nitawasimulia namba. Ni mia moja ishirini na saba, na nimeipenda tangu enzi ya Mjerumani, nilipokuwa kijana mwenye mabega na nywele. Hata leo karani wa hospitali akiiita kwenye foleni, nageuka kumtazama aliyeipata, na moyoni namwonea wivu kidogo.

Kazi yangu ilikuwa vinu vya maji. Nyinyi mmezaliwa mkakuta mashine za kusaga zinaguruma kila kona ya Arusha. Zamani hizo unga ulisagwa na mikono ya mama yako, au kama uliishi jirani na mlowezi mwenye kinu, ulisagwa na mto. Maji ya mfereji yaliangukia gurudumu la maji nje ya ukuta. Mhimili wake ulipita ndani, na huko ndani ulibeba gurudumu kubwa la mbao lenye meno pembeni pote. Meno hayo yaliuma meno ya kigurudumu kidogo, na kigurudumu ndicho kilichozungusha jiwe la kusagia. Gurudumu kubwa likienda mara moja, kigurudumu kilikwenda kama mara nane. Basi, hicho ndicho kinu. Ukiyaelewa hayo umeelewa nusu ya maisha yangu, na nusu nyingine ni kubishana na mafundi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Anaeli, Mmeru wa Akheri, mtu mfupi, mkimya, mwenye vidole vinene hivi kwamba ukiviona hungeamini vinaweza kushika patasi ndogo. Aliajiriwa kwenye shamba la Mjerumani mmoja ambaye sisi tulimwita Bwana Masharubu, na sihitaji kuwaeleza kwa nini. Mke wa Fundi alikuwa Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, jina lake Naserian. Walikuwa na binti mdogo, Naishiye, na chumba kimoja kwenye nyumba za shamba. Mimi, Lazaro, nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa na nguvu nyingi na maswali mengi zaidi, na Fundi alipenda nguvu zangu.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyoanza, kwa sababu kosa letu la kwanza lilikuwa zuri ajabu.

Sisi watu wa huku tulikuwa tunajenga nyumba za mviringo. Kigingi katikati, kamba, unazunguka, unapata duara. Ukitaka kupanga nguzo, unaikunja kamba ya mzingo wake katikati, unapata mbili. Unakunja tena, nne. Tena, nane. Tena, kumi na sita. Hakuna mtu aliyetufundisha hivyo shuleni, mikono yetu yenyewe ilijua. Kwa hiyo Bwana Masharubu alipomwambia Fundi achonge gurudumu kubwa la kinu, Fundi aliuchukua mzingo wa gurudumu kwa kamba akakunja, akakunja, akakunja, mara saba. Ukikunja mara saba unapata mia moja ishirini na nane. Kila jino lilikaa mahali pake sawasawa, ukiangalia upande huu au ule ni mamoja. Watu walikuja kulitazama. Wazee waliokuwa wamejenga nyumba nyingi kuliko nywele zangu walilipapasa wakasema hawajaona duara lililogawanywa vizuri namna ile. Nilitembea kifua mbele wiki nzima kana kwamba nililichonga mimi.

Kigurudumu chetu kilikuwa na meno kumi na sita. Shikeni hilo.

Gurudumu likafanya kazi mavuno ya kwanza, kisha likaanza kugonga. Ukikaa kinuni unasikia mlio mwororo wa mbao kwa mbao, halafu, tok. Mlio, halafu, tok. Siku moja meno manane yakakatika, jiwe likasimama, na akina mama waliokuwa wamebeba mahindi kutoka mbali wakarudi nayo. Tukachonga meno mapya manane, tukayapachika. Yakakatika tena. Nikasema mbao ni mbaya. Mwingine akasema kuna jicho la mtu.  Fundi alikwenda kuchuchumaa mbele ya gurudumu, akaweka kidole kwenye jino lililovunjika, akahesabu kwa sauti ya chini mpaka jingine lililovunjika. Kumi na sita. Akaendelea. Kumi na sita tena. Kumi na sita, gurudumu zima.

"Lazaro," akaniita, "huyu anayeharibu ni mmoja."

Akageukia kigurudumu, akapapasa meno yake moja moja mpaka akalipata. Lilikuwa na kifundo cha mti ndani yake, kigumu kama jiwe, na kwa sababu ya kifundo hicho lilikuwa limesimama nje kidogo kuliko wenzake. Akanieleza taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kumi na sita inaingia ndani ya mia moja ishirini na nane mara nane kamili, bila baki. Kwa hiyo kila jino la kigurudumu linakutana na meno yaleyale manane ya gurudumu kubwa, leo, kesho na mwakani. Jino bovu lilikuwa na majirani wanane wa kuwatesa, na lilikuwa linawatesa hao tu. Meno mengine yote mia na ishirini hayakujua hata kama lipo.

"Basi tulitoe hilo moja," nikasema.

"Tutalitoa. Na jingine likiharibika?"

 Fundi akaendelea kulitazama gurudumu letu lile zuri, na nikamwona analiaga.

Alitaka kuchonga jipya, lenye jino moja pungufu. Mia moja ishirini na saba. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kumi na sita mara nane ni moja zaidi ya mia moja ishirini na saba, kwa hiyo gurudumu likimaliza mzunguko, kila jino la kigurudumu litakuwa limeteleza nafasi moja. Halitarudi kwa jirani yule wa jana. Litakwenda kwa anayefuata.

Tatizo ni kwamba matundu ya meno yalikuwa yamekwisha kutobolewa kwenye ukingo wa gurudumu la zamani, na huwezi kuondoa tundu. Ilibidi mbao mpya, na mbao nzuri zilizokauka zilikuwa chache. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya sakafu ya nyumba ya Bwana. Tulikwenda wote wawili kumwomba, Fundi mbele, mimi nyuma nikiwa nimebeba jino lililovunjika kama ushahidi.

"Umevunja mara mbili," Bwana Masharubu akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila alikisema kama anayepasua kuni. "Sasa unataka sakafu yangu. Kwa nini nikupe?"

"Kwa sababu hili halitavunjika, Bwana."

"Likivunjika?"

Fundi alilitazama lile jino mkononi mwangu. Nilimjua, alikuwa anapima kama anavyopima mbao.

"Likikataa, nipeleke relini."

Nilitaka kumvuta shati. Enzi hizo reli ilikuwa inajengwa kuja Moshi, na wanyapara walipita mashambani wakikusanya wanaume. Fundi seremala aliachwa, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kufaa. Aliyekwenda alirudi amekonda kama mwiko, au hakurudi. Na Fundi Anaeli akiondoka, Naserian na Naishiye wangetoka kwenye chumba cha shamba siku hiyohiyo, maana chumba kilikuwa cha kazi, hakikuwa cha mtu. Yote hayo Fundi aliyajua vizuri kuliko mimi. Bwana Masharubu akasema sawa, chukueni mbao, na nyapara akija atamweleza.

Njiani nilimuuliza kama amerukwa na akili. Fundi akaniambia nichukue ncha ya pili ya ubao.

Hapa naomba kupumzika kidogo niseme neno kwa wale mnaosomea misitu pale Olmotonyi, kwa sababu mnajua majina ya miti kwa Kilatini lakini nina wasiwasi kama mmewahi kuung'ata hata mmoja. Ukingo wa gurudumu tuliuchonga kwa mkulo, ule mti wenye harufu ya kafuri, maana unavumilia unyevu na haupindi ovyo. Meno tulichonga kwa loliondo, mti mgumu wa jamii ya mzeituni. Loliondo haichongwi ikiwa imekauka kabisa, itakula tezo yako na subira yako. Unaipasua ikiwa mbichi, unaikata vipande vikubwa kuliko unavyotaka, unaiacha kivulini juu ya dari penye moshi wa jikoni, halafu ndipo unamalizia. Ukimaliza, unayalaza meno kwenye mafuta ya ng'ombe yenye moto mdogo. Panya watakupenda sana, kwa hiyo funika. Na jino lolote lenye kifundo, hata kama ni kidogo kama jicho la kuku, weka jikoni likapike maharage.

Turudi kwenye kazi. Mbao tunazo, na sasa tunatakiwa kugawa duara mara mia moja ishirini na saba.

Jaribuni wenyewe. Chukueni kamba, mkunje. Haikunjiki! Nusu ya namba hii si nzima. Theluthi yake si nzima. Uigawe kwa tano, saba, kumi na moja, kila mahali unabaki na kipande mkononi. Mikono yetu ya wajenzi wa nyumba za mviringo, iliyojua kila kitu, ghafla haikujua kitu. Fundi akachukua bikari, akaifungua kwa kukisia, akaanza kupiga hatua kwenye ukingo wa mbao, hatua baada ya hatua. Akifika mwisho, hatua ya mwisho inapita alama ya kwanza. Anaifunga bikari unywele mmoja, anaanza upya. Sasa haifiki. Kosa dogo lisiloonekana kwa macho likirudiwa mara mia na zaidi linakuwa kosa la upana wa kidole. Alifuta alama kwa randa, akaandika, akafuta, mpaka nikaogopa kwamba ukingo utaisha kwa kufutwa.

Naserian alikuwa amekaa mlangoni akitunga shanga kwenye mkanda wa ngozi, Naishiye amelala mapajani. Alitutazama muda mrefu. Alikuwa mwanamke asiyependa kuingilia, na akiingilia hapigi chenga.

"Baba Naishiye, nani alikufundisha kukata ngozi kabla ya kupanga shanga?"

"Hii si shanga, mama."

"Naiona. Mimi napanga shanga kwanza. Zikitimia kama ninavyotaka, ndipo ngozi inakatwa ziingie. Wewe umekata ngozi, sasa unazilazimisha shanga. Zitakubalije?"

Fundi aliiweka bikari chini. Akacheka, jambo ambalo nililiona mara chache sana. Kwa kweli umbali kati ya jino na jino tulikuwa nao tangu mwanzo, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuwekwa na kigurudumu, na gurudumu lolote la kuumana nacho lazima liwe na umbali uleule. Hatukuwa na haja ya kugawa kitu. Tulipasua mwanzi wa mlimani, tukaunga vipande vikawa ubale mmoja mrefu usiovutika kama ngozi. Fundi akafungua bikari kwa umbali wa kigurudumu, akaifunga isicheze, akapiga hatua mia moja ishirini na saba kwenye ule mwanzi. Akaukata hapo. Tukaunganisha ncha mbili, na duara likajileta lenyewe, ukubwa wake limechagua lenyewe. Tukachonga ukingo ulingane na mwanzi. Tangu siku hiyo, kila gurudumu nililotengeneza nimelipanga kama mkanda wa Naserian, na kila fundi niliyemfundisha nimemwambia jina la mwenye maarifa hayo.

Najua mnataka kujua kama Fundi alipelekwa relini. Ngojeni kwanza, maana ilinichukua miaka mingi kuielewa namba yenyewe, na nyinyi mnataka kuipata kwa dakika moja.

Miaka ya baadaye aliniita mlowezi mwingine, kwenye mto wa bonde la pili. Fundi wake alikuwa amesikia habari zetu, akadhani siri ni kupunguza moja. Alikuwa na gurudumu la meno mia na ishirini na kigurudumu cha kumi na manne. Akachonga jipya la mia moja kumi na tisa, akajipongeza. Likawa baya kuliko lile la kwanza! Nilipofika nikamkuta amekaa juu ya jiwe, amekasirikia ulimwengu mzima. Tukahesabu. Mia moja kumi na tisa ni saba mara kumi na saba. Kumi na nne ni saba mara mbili. Wote wawili wana saba tumboni, kwa hiyo kila jino la kigurudumu lilikuwa linazungukia meno yaleyale kumi na saba na kuyaacha mengine yote. "Lakini nimepunguza moja!" akawa ananiambia, kama mtu aliyekunywa dawa ya jirani na kushangaa haijamponya.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mwalimu wa hesabu wa shule ya misheni, mtu mpole, nikamwomba anieleze. Alinipa kikapu cha mahindi. Akaniambia nihesabu punje mia moja ishirini na saba, nizipange safu zilizo sawa. Kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa tano, zinabaki mbili. Kwa saba, inabaki moja. Kwa kumi na moja, zinabaki sita. Nikataka kuendelea, akanishika mkono akasema inatosha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kuanzia kumi na mbili na kuendelea kila mstatili nitakaoupanga ni ule niliokwisha kuujaribu, umegeuzwa ubavu tu. Kama haikukubali safu fupi, haitakubali ndefu. Niliona raha mpaka nikacheka peke yangu. Namba yangu haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Wajukuu zangu wanaiita namba tasa. Mimi jina hilo silipendi, lakini nimeshindwa kupata bora.

Maana yake kwa kazi yetu ni kubwa. Gurudumu la mia moja ishirini na saba halihitaji kuuliza kigurudumu chake kina meno mangapi. Weka kumi na tano ukitaka kasi. Weka kumi na nane jiwe likiwa zito. Weka ishirini na moja uzungushe msumeno wa mbao. Zote nimeweka. Kila jino litakutana na kila jino, zamu kwa zamu, halitambagua yeyote, na ubaya wa mmoja utagawanywa kwa wote kidogo kidogo mpaka usionekane. Vijana wa gereji kule mjini, mkifungua difu ya lori hesabuni meno ya magurudumu yake. Mtakuta namba za ajabu ajabu, mtadhani mtengenezaji alikosea. Hakukosea hata kidogo.

Na si hayo tu. Kwenye kinu tulikuwa na mawe saba ya mizani: ratili moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne. Kila jiwe ni mara mbili ya lililotangulia. Kwa mawe hayo saba unaweza kupima ratili kamili zozote bila kukosa, mpaka yote saba yawe sahanini. Mama akitaka ratili mia, unaweka sitini na nne, thelathini na mbili, na nne. Akitaka ratili tatu, moja na mbili. Siku moja nilikuwa nafagia, nikayaweka yote saba kwenye sahani ya mizani ili yasipotee, nikajumlisha kwa mchezo tu. Mia moja ishirini na saba! Nilisimama na ufagio mkononi. Ilikuwa kama kumkuta rafiki yako wa kazini amekaa sebuleni kwa wakwe zako.

Mwalimu aliniambia kuna namba nyingine kubwa zinazopatikana kwa njia hiyo, kwa kuongeza mara mbili mara mbili na kujumlisha, lakini si zote ambazo ni tasa. Ukiyafanya mawe kuwa kumi na moja unapata elfu mbili na arobaini na saba, na hiyo inagawanyika, ishirini na tatu mara themanini na tisa. Ilinidanganya sana, maana nilikuwa nimekwisha kuipenda. Ukiyafanya kumi na tatu unapata elfu nane, mia moja tisini na moja, na hiyo haigawanyiki. Mwalimu alisema hivyo, nami sikumwamini mpaka nilipostaafu na kupata muda. Msimu mmoja wa masika, mvua haikatiki, nilikaa na kuijaribu, tatu, tano, saba, kumi na moja, nikipanda. Mke wangu alidhani nazeeka vibaya. Nilipofika themanini na tisa zikabaki tatu, nikajua hakuna tena pa kwenda. Namba kubwa kama hiyo, meno zaidi ya elfu nane, na hakuna popote pa kuingiza kisu! Hakuna aliyeitengeneza kwa tezo, na hakuna fundi angeweza kuitengeneza vizuri zaidi. Niliinama kwa heshima, sioni aibu kusema.

Haya. Siku ya gurudumu la Fundi Anaeli.

Lilikuwa mahali pake, jipya, jeupe, meno ya loliondo yaking'aa mafuta. Bwana Masharubu akaja asubuhi, na nyapara wa reli alikuwa naye, mtu mrefu mwenye kamba begani. Alikuwa amelala shambani akisubiri. Naserian alisimama ukutani amembeba Naishiye mgongoni.

Bwana akazunguka gurudumu mara moja. "Meno mangapi?"

"Mia moja ishirini na saba, Bwana."

"Lile la kwanza lilikuwa mia moja ishirini na nane. Jino langu moja liko wapi?"

"Nimeliacha makusudi."

"Gurudumu pungufu," Bwana akasema, akamtazama nyapara. Nyapara akaishusha kamba kutoka begani. 

Fundi akasema, "Naomba nilizungushe kwa mkono kabla hujaamua."

Akamwomba Naserian ngeu, ile ardhi nyekundu watu wake wanayojipaka kwa sherehe. Alikuwa ameiweka kwenye kibuyu kwa ajili ya sherehe ya mdogo wake, imekwisha kuchanganywa na mafuta. Naserian akakitoa kibuyu bila kuuliza. Fundi akampa kazi: apake jino moja tu la kigurudumu, lilelile, kila linapopita mbele yake, asipake jingine, na mengine ya kigurudumu yakichafuka ayafute. Mimi na Fundi tukashika gurudumu la maji nje ya ukuta, tukasukuma, na Fundi akawa anakimbia ndani na nje kutazama.

Mzunguko wa kwanza, jino jekundu liliacha alama kwenye meno manane ya gurudumu kubwa, yamesimama mbalimbali. Bwana Masharubu akasema, "Manane. Kama zamani." Nilimsikia kupitia dirisha la kinu, nikachungulia, nikasukuma tena.

Mzunguko wa pili, wekundu ulihamia jino la jirani. Kila palipokuwa na jino moja jekundu, sasa palikuwa na mawili. Mzunguko wa tatu, matatu. Tulisukuma, na wekundu ulitambaa, jino moja kila mzunguko, pande zote za gurudumu kwa pamoja.  Bwana alikuwa ameinama, pua karibu na mbao, na kila mzunguko ulipoisha alionyesha kwa kidole jino lililobadilika. Nyapara naye alisogea. Naserian alikuwa amelowa ngeu mpaka kwenye viwiko, anapaka, anasubiri, anapaka, na mtoto mgongoni anashangaa.

Ikafika mahali meno meupe yakabaki saba tu, moja moja, yamezungukwa na mekundu. Fundi akaniambia nisukume peke yangu. Akaingia ndani akachuchumaa pale alipochuchumaa siku ile ya kwanza. Nikasukuma. Ndani nikasikia Bwana Masharubu akihesabu kwa Kijerumani yakibadilika. Kisha akanyamaza. Nikaliachia gurudumu, nikaenda mlangoni kutazama.

Lilibaki jino moja jeupe. Lilikuwa linasubiri kigurudumu kimalize kuzunguka. Naserian akamtazama mumewe, akapaka mara ya mwisho, nami nikarudi nje nikasukuma kidogo tu, kwa bega.

 Nilipoingia, gurudumu zima lilikuwa jekundu, hakuna hata jino moja lililosahauliwa. Bwana Masharubu alikuwa amevua kofia yake na kuishika kifuani, na sidhani kama alijua ameivua. Akasema, "Fungueni maji." Kisha akampungia nyapara mkono, kwamba aende zake.

Fundi Anaeli alikuwa bado amechuchumaa. Nilimwinua. Shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Ulijua tangu mwanzo," nikamwambia.

"Nilijua litasogea," akasema kwa sauti ya chini, ili Naserian asisikie. "Kama litafika kwa wote, hilo nimelijua sasa hivi pamoja na nyinyi."

Nje, nyapara alikunja kamba yake, akaitupia begani, akashuka njia ya Arusha peke yake.